Mwangwi wa Shiro

Sisi waimbaji wa alto hatuna maadui. Hakuna mtu aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu mwenzake amepewa sehemu ya alto. Tunasimama katikati, tunaimba noti zetu mbili tatu zinazojirudia, tunaenda zetu nyumbani. Wanaokulana nyama ni wasoprano, na nasema hivyo nikiwa nimelala chumba kimoja na soprano tangu ndege ilipotushusha Riyadh mwaka 2014.

Huyo soprano ni Shiro. Tuliletwa na ajenti mmoja tukaangukia kwa kafili mmoja, yaani mwajiri anayekudhamini, mimi jikoni, yeye usafi na pasi. Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule ya wageni ambayo hata wageni waliogopa kuikalia. Viti vimepakwa dhahabu, miguu yake imepindwa kama ya paka anayejinyoosha, kila pembe ina ua la kuchongwa, ndani ya ua kuna jani, na ndani ya jani kuna vumbi. Shiro alikuwa akilitoa vumbi hilo kwa mswaki. Kwa hiyo kiongozi wetu wa kwaya, Jeremiah, alipokuja kutueleza kwamba tutaimba wimbo wa enzi za Baroko, na kwamba Wazungu wa wakati huo hawakuweza kuona kitu kitupu wakakiacha, ukuta wakaujaza dhahabu, dari wakaijaza malaika wanene, noti moja wakaivalisha vinoti vingine kumi, Shiro alimkatiza. Akasema hiyo Baroko anaifahamu vizuri, huipiga mswaki kila wiki.

Jeremiah alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Murabba, Riyadh hukohuko. Kwao Nakuru alikuwa mwalimu wa kwaya, wa aina ile ya zamani, anayetembea na chuma chenye meno mawili mfukoni, anakigonga gotini, anakiweka sikioni, halafu anakupa do. Shiro alikuwa soprano wake wa solo katika kanisa la hukohuko. Jeremiah ndiye aliyemfundisha kupumua, akamfundisha kutamka, mwishowe akamchumbia. Walikuja Saudia kila mmoja kwa njia yake, wakitafuta cha kuanzia maisha, na huku walionana pale tu madam wa Jeremiah alipomtembelea madam wetu. Jeremiah alingoja garini nje ya geti, Shiro akampelekea chai, na hiyo chai ilichukua muda kupokelewa.

Kwaya yetu iliishi ndani ya simu. Tulikuwa Wakenya wa kila pembe ya Saudia, wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso, na grupu letu la WhatsApp tuliliita Mapishi ya Nyumbani, ili simu ikishikwa na madam aone mambo ya chapati. Jeremiah aliandika nyimbo kwa mkono, do re mi zake zimepangwa safu nne, akapiga picha, akatuma pamoja na sauti ya do kutoka kwenye kile chuma chake. Kila mtu akarekodi sehemu yake alipo, huyu stoo, yule juu ya paa katikati ya nguo zilizoanikwa, mwingine ndani ya gari la bosi vioo vikiwa juu. Jeremiah akaziunganisha zikawa kwaya.

Mwaka huo wa Baroko aliukusudia ule wimbo mrefu wa Kijerumani, upigwe kwenye spika za kanisa la kwao Krismasi, watu wa Nakuru wasikie kwamba watoto wao hawajasahau kuimba. Ndani yake kulikuwa na kipande cha wasoprano wawili. Wa kwanza anaimba solo mbele ya watu. Wa pili anajificha mahali, na kila mstari unapoisha anarudia neno la mwisho, taratibu, kwa mbali, kama mwangwi. Jeremiah alisema Wazungu wa Baroko waliupenda sana mchezo huo. Yule wa pili walimweka juu nyuma ya kinanda, waumini wakadhani mbingu imejibu.

Solo akampa Monicah wa Jeddah. Mwangwi akampa Shiro.

Nilikuwa nakata vitunguu Shiro aliposoma ujumbe huo, na nilifurahi kuwa na kisingizio cha kutomtazama. Alikwenda sebuleni akavisugua vile viti vya dhahabu ambavyo alikuwa amevisugua jana yake.

Monicah alikuwa mgeni katika Mapishi. Tulichojua ni kwamba anatoka Kitale, na kwamba ana bahati kutuzidi wote, kwa sababu alifanya kazi kwa familia ya Kizanzibari iliyokimbilia Jeddah baada ya mapinduzi ya 1964. Yaani anaamshwa kwa Kiswahili, anatumwa kwa Kiswahili, anagombezwa kwa Kiswahili. Juu ya hayo, nyumba ilikuwa ile ya mawe ya matumbawe ya Balad, mji mkongwe wa Jeddah, yenye ngazi ndefu za kuzunguka, na yeye alirekodi akiwa ngazini. Sauti ilitoka pale imenawiri, imejaa, kama mtu aliyekula akashiba. Shiro alirekodi ndani ya kabati la abaya za madam, mlango umefungwa, kitambaa cheusi kimemkaa usoni.

"Hizo ni ngazi zinaimba," aliniambia. "Mtoe hapo umweke kwa kabati, tuone."

Jeremiah alipokuja na gari, Shiro alimuuliza waziwazi kwa nini. Mimi nilikuwa natupa takataka getini, na nilizitupa polepole. Jeremiah akasema mwangwi ni mgumu kuliko solo. Akasema unahitaji mtu wa kuaminika, asiyejisikia, anayeweza kuimba bila kutafuta kuonekana. Shiro akamjibu kwamba kama ni mgumu hivyo, ampe Monicah ambaye ni hodari. Jeremiah akacheka. Alidhani ni utani, maskini.

Wivu ni kazi, na Shiro aliifanya vizuri kuliko ile aliyoandikiwa kwenye ikama, kibali chake cha kukaa Saudia. Akipiga pasi, akisafisha vyoo, akikunja shuka, alimsikiliza Monicah simuni. Alijua anapopumua, alijua neno gani la Kijerumani linamshinda. Akisikia kosa, alifurahi mpaka chakula cha jioni. Akikosa kosa, tulikula kimya. Na Jeremiah, badala ya kunyamaza, kila mara aliweka sauti ya Monicah kwenye grupu akasema, wasoprano wote, sikilizeni huyu. Wasoprano wote walikuwa watano. Alijua, au hakujua, ni nani hasa anasikiliza?

Ndipo Shiro akaingia YouTube. Simu aliiegemeza kwenye chupa ya maji ya pasi, akawapata Wazungu wanaoimba wimbo wetu uleule, wamevaa nyeusi, wanapiga ala za zamani, filimbi za mbao na vinanda vya nyuzi. Akamsikiliza soprano wao. Akamsikiliza Monicah. Akarudia. Akaniita kwa haraka nikadhani amechoma kanzu ya baba mwenye nyumba, kumbe uso unang'aa kwa furaha. Monicah alikuwa juu. Si sana, nusu toni tu, lakini juu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilisikiliza na mimi, na siwezi kukataa, nilisikia hivyohivyo.

Akaandika kwenye grupu kwa ule upole ambao ni mbaya kuliko matusi: "Samahani dada Monicah, naona unapanda kidogo. Wasikilize wenye wimbo wao." Akabandika na video.

Siku hiyo Jeremiah alikuwa amempeleka bosi wake Dammam, simu imezimwa. Aliporudi hewani alikuta Monicah ameomba radhi na amerekodi upya, nusu toni chini. Wateno walio wengi walikuwa wamemfuata. Waalto tuligawanyika. Besi mmoja wa Taif aliapa kwamba yeye alikokwisha kushuka ndiko mwisho, asitafutwe tena. Jeremiah alipojaribu kutuunganisha tulitoa mlio wa magari mawili yanayopigiana honi. Mapishi yalikuwa yameungua.

Mwalimu akaeleza, bila hasira. Kile chuma chake kinatoa sauti ya siku hizi, ile inayotumika kwenye vinanda vya kawaida. Wanaopiga ala za Baroko huzishusha karibu nusu toni, kwa sababu wanaamini enzi zile ndivyo zilivyokuwa. Monicah hakuwa amepanda, na Wazungu nao hawakuwa wamekosea. Turudi wote kwenye do yake, halas, yamekwisha. Jina la Shiro hakulitaja kabisa, na kutotajwa kulimuuma kuliko kutajwa. Mwisho akamshukuru Monicah kwa unyenyekevu wake.

Neno hilo, unyenyekevu, lilikaa nasi chumbani kwa majuma. Shiro alilitamka akitandika kitanda. Alilitamka akisukuma vumbi chini ya kochi. Mwangwi wake aliurekodi kama alivyoagizwa, noti zote sawa, lakini aliuimba kama mtu anayesaini karatasi asizozisoma. Nilimwambia aache, Jeremiah ni wake, solo itapita kama nyingine zilivyopita. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu wangu akimfurahia mwingine kwa kitu kilekile ambacho alinipendea mimi.

Mwezi wa Novemba shule zilifungwa kidogo, na familia ikaenda Jeddah kupunga upepo wa bahari. Sisi tulibebwa pamoja na masanduku. Jeremiah alipopata habari alifurahi kupita kiasi. Wasoprano wake wawili mji mmoja! Akaomba tufanye juu chini warekodi kile kipande pamoja, palepale kwenye ngazi, mwangwi uwe juu kabisa kama ilivyotakiwa.

Aliyewezesha ni Bi Mwanamize, mama yake kafili wa Monicah. Alitoka Unguja akiwa bibi harusi mchanga, na Kiswahili chake hakikuwahi kushuka melini, kilibaki kilekile cha Unguja. Wanawe walihamia kwenye majumba mapya kaskazini ya mji. Yeye akakataa kutoka Balad. Chini ya nyumba yake kulikuwa na duka la udi la mwanawe, na madam wetu kwa udi hajiwezi. Bi Mwanamize alimkuta pale dukani, akamweleza kwa Kiarabu kwamba sisi ni wasichana wa kwao, akamwombea tupande tunywe kahawa wakati yeye anazunguka kwenye maduka ya dhahabu. Madam akakubali, mpaka alasiri.

Shiro alikuwa amejiandaa kukutana na mrembo mwenye maringo. Aliyetufungulia mlango alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, miwani imeshikizwa kwa uzi, mikono inanukia kitunguu saumu. Walisalimiana kwa vidole. Monicah alimtazama Shiro juu hadi chini, na lile halikuwa jicho la unyenyekevu. Mimi nalijua jicho hilo, nimelala nalo chumba kimoja.

Bi Mwanamize alifunga madirisha, akaketi kitini mwake, akasema tuanze kabla hajaadhini mtu. Alikuwa hana neno na uimbaji wetu. Kijerumani, alisema, hakimuudhi mtu mtaani kwa sababu hakuna anayekielewa.

Shiro akapasha sauti. Alianza chini, akapanda polepole, na mawe yakaichukua ile sauti yakaipeleka juu ghorofa baada ya ghorofa. Sikuwahi kuisikia nje ya kabati. Monicah alikuwa amesimama. Akakaa kwenye ngazi.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Nimekuchukia bila hata kukuona."

Shiro akamuuliza amemkosea nini. Monicah akatoa simu yake. Kila Jeremiah alipomsahihisha, kwa siri, alimtumia sauti ya Shiro. Msikilize Shiro anavyobana pumzi hapa. Msikilize Shiro anavyoingia bila kugonga noti. Hapo hujafika, rudi kwa Shiro. Tulizisikiliza tukiwa tumeinama juu ya simu moja, na nilimwona Shiro akibadilika uso, mashavu yanalegea, macho yanajaa. Hakuna hata moja ya sifa zile aliyowahi kuambiwa yeye.

"Chukua solo," Monicah akasema. "Kila siku Shiro, Shiro. Nimechoka. Mimi nitajificha huko juu, napenda hata."

"Na Jeremiah?"

"Tusimwambie. Asikie mwenyewe."

Mimi nilisema si wazo zuri. Alto husema, hakuna anayesikia. Shiro alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. "Huyo mtu atanijua hata nikikohoa," akasema.

Monicah akapanda mpaka juu kabisa, nyuma ya roshani ya mbao. Shiro akabaki chini. Mimi nikasimama katikati na simu ya Monicah, kwa kuwa ndiyo iliyonasa sauti vizuri. Wakaimba. Sijui niseme nini kuhusu kuimba kule. Shiro aliuliza, na juu kabisa ikamjibu ile sauti ndogo, akauliza tena, na safari ya pili mstari uleule akauremba kwa vinoti vyake mwenyewe, vile anavyopenda kuingia kutoka chini kidogo kama mtu anayeondoa pazia. Nilimwonea Shiro wivu, mimi, alto, nisiye na maadui.

Walipomaliza, Bi Mwanamize aligeuka kitini. "Huyu aliyeimba chini," akasema, "ana jambo lake na mtu."

Tukatuma kwa simu ileile ya Monicah, bila maelezo. Tukanywa kahawa. Shiro hakuigusa yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, anajitengeneza mtandio kana kwamba Jeremiah anapanda ngazi. Ujumbe wa sauti ulipoingia, Monicah aliuweka tuusikie wote.

"Monicah," Jeremiah alisema. "Leo umenimaliza. Nimesimamisha gari kando ya barabara. Sijawahi kusikia soprano akiimba hivi. Si hapa Saudi, si Nakuru. Yale marembo ya mwisho umeyatoa wapi? Asante, dada. Asante sana." Tulisikia magari yakipita. "Shiro, mpenzi, mwangwi uko sawa, si mbaya. Ila umekaza koo, ile shida yako ya kawaida, mpaka sauti imekuwa nyembamba. Lakini usijali. Ni mwangwi tu."

Monicah aliinyakua simu. Alikuwa ameshaanza kuandika, vidole vinamkosa, anasema ni hizi ngazi, ni simu yangu, amezoea kunisikia mimi hapa, hakuna mtu angejua, ngoja nimwambie saa hii ni wewe. Shiro akaushika mkono wake akautuliza.

"Usimwambie."

"Shiro, ni wewe alikuwa anasifu."

"Ukimwambia, atanisifu kwa sababu ameambiwa." Kisha akaomba simu, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Akaurudisha ujumbe mwanzo. Akausikiliza mpaka pale penye asante sana, akausimamisha kabla ya jina lake, akaurudisha tena. Bi Mwanamize aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta tasbihi.

Alasiri ikaadhiniwa. Haukupita muda madam akatuita kutoka chini, yalla, yalla, mifuko yake imejaa. Monicah alitusindikiza mpaka mlangoni. Alitaka kumkumbatia Shiro. Shiro akakubali kukumbatiwa, lakini mikono yake mwenyewe haikuinuka. Ngazi tulizishuka, mimi mbele, yeye nyuma, na tulipofika ya mwisho akanivuta mkono.

"Metrine," akasema, "miezi hii yote nilidhani namwonea wivu huyu dada. Nilikuwa nacheza. Leo ndiyo namwonea." Alikuwa anatazama juu, kule ngazi zilikojikunja zikapotea. "Yale maneno nimeyangoja tangu Nakuru. Nimeyaimbia mimi, akapewa yeye."